Mwana wa nyoka ni nyoka, lakini hana bei ya mamaye

Wahenga walinena kwamba mwana wa nyoka ni nyoka. Methali hiyo tumeizoea tangu shule ya msingi, na aghalabu tunaitumia kumwonya mtu asitarajie jema kutoka kwa kizazi kibaya. Leo naomba kuigeuza kidogo. Kuna soko moja huko Marekani ambamo mwana wa nyoka ni nyoka kwelikweli: ana rangi ya mamaye, ana madoa ya mamaye, hata jina amerithi la mamaye. Kitu kimoja tu hakurithi, nacho ni bei.

Nisingeandika habari hizi lau si mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili aliyenijia ofisini majuzi baada ya muhadhara. Alikuwa na simu mkononi na picha ya nyoka wa rangi ya maziwa yenye mabaka ya dhahabu. Chini ya picha ile paliandikwa bei ambayo, kwa hesabu yake, ingelipa karo ya miaka yote minne na chenji ikabaki. "Daktari," akaniambia, "huku kwetu nyoka tunawapiga mawe. Wenzetu wanawauza kwa pesa zote hizi. Nikitumia mkopo wangu wa masomo kununua jozi moja, si nitakuwa nimejikomboa?" Nilimwomba aniachie juma moja nimfikirie jibu. Makala haya ndiyo jibu lenyewe, na kwa kuwa naamini hayuko peke yake katika fikira hizo, nimeona nilitoe hadharani.

Nyoka anayezungumziwa ni chatu mdogo wa Afrika Magharibi. Makazi yake ya asili yanaanzia Senegali, yanapitia Ghana, Togo, Benin na Nigeria, hadi Sudan Kusini na Uganda. Si yule chatu mkubwa tumjuaye sisi, awezaye kummeza swala. Huyu mara nyingi hazidi mita moja na nusu, hana sumu, na akiogopa hujikunja kama mpira na kuficha kichwa katikati. Kwa tabia hiyo Wamarekani wakamwita chatu mpira. Waingereza wao humwita chatu wa kifalme, kwa kufuata jina lake la kisayansi, Python regius. Tazama, msomaji, jinsi kiumbe mmoja anavyoweza kuwa mchezo wa watoto katika nchi moja na mfalme katika nchi nyingine, ilhali yeye mwenyewe hana habari. Majina hayana hatia. Lakini, kama tutakavyoona, majina yana bei.

Kwa miaka mingi chatu huyu alisafirishwa kwa maelfu kutoka bandari na viwanja vya ndege vya Afrika Magharibi, akauzwa Marekani kwa bei ya kitoweo. Alikuwa na rangi ya kahawia na nyeusi kama wenzake wote, na hakuna aliyemfikiria kuwa mali. Mambo yalibadilika mwaka wa 1992. Mfugaji mmoja wa Oklahoma, Bob Clark, aliyekuwa amempata chatu dume mwenye ualbino kutoka porini, alifaulu kupata watoto wenye ualbino katika zizi lake. Chatu hao weupe na manjano, wenye macho mekundu, waliuzwa kwa takriban dola 7,500 kila mmoja. Kwa kima cha leo cha shilingi kama 130 kwa dola, hizo ni karibu shilingi milioni moja kwa nyoka mmoja aliyeweza kulala kwenye kiganja.

Habari zikaenea. Mwaka wa 1997 mfugaji mwingine, Peter Kahl, akapata chatu wa mabaka meupe yasiyo na doa, kana kwamba amemwagiwa chokaa. Mwaka wa 1999, Kevin McCurley wa New Hampshire akazalisha aina iliyoitwa Buibui, kwa sababu ya mistari myembamba iliyomtandaa mwilini kama utando; Buibui wote waliopo duniani leo asili yao ni chatu mmoja aliyeletwa kutoka Afrika. Baadaye ikaja aina iliyoitwa Ndizi, ya manjano na zambarau. Kila aina mpya ilipozuka iliuzwa kwa maelfu ya dola, na nyingine kwa makumi ya maelfu. Watu walikopa, wakauza magari, wakageuza vyumba vya chini vya nyumba zao kuwa mazizi ya nyoka.

Na leo? Chatu wa kawaida hupatikana Marekani kwa dola thelathini au hamsini. Yule mwenye ualbino aliyegharimu dola 7,500 anauzwa kwa dola mia moja au mia mbili. Ndizi aliyekuwa bei ya gari sasa ni bei ya viatu. Nyoka hakubadilika. Wala rangi haikufifia. Ni nini basi kilichoanguka?

Jibu la kwanza walimu wa Hisabati wanalo tayari, nami nawaomba walipeleke darasani. Chukua mfugaji mwenye majike matano ya rangi adimu na madume ya rangi hiyohiyo. Jike mmoja hutaga mayai sita hivi, na huchukua miaka mitatu hivi hadi kufikia umri wa kuzaa. Tuseme nusu ya watoto ni majike, kila jike anataga mara moja tu maishani, na hakuna anayekufa kabla ya kutaga. Majike watano watatoa watoto 30. Miongoni mwao majike 15 watatoa 90 baada ya miaka mitatu. Majike 45 watatoa 270. Kisha 810. Kisha, katika mwaka wa 12, watoto 2,430 kwa mkupuo mmoja. Najua kwamba zizi halisi haliendi sawasawa na ubao wa hesabu. Wengine hufa, wengine hawatagi. Lakini vilevile nimewanyima majike hao mitago yao ya baadaye, ilhali chatu huyu huishi miaka ishirini, thelathini na zaidi. Mwaka wa 2020, katika bustani ya wanyama ya Saint Louis huko Marekani, jike mmoja aliyekadiriwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka 60 alitaga mayai ingawa hakuwa amekaribiana na dume kwa angalau miaka 15. Mali ya namna hiyo, inayotaga hata uzeeni na hata bila mume, itabakije kuwa adimu?

Hapo ndipo ulipo mtego wenyewe. Mtu auzapo almasi, mnunuzi huondoka na almasi. Mtu auzapo jozi ya nyoka, mnunuzi huondoka na kiwanda. Aliye mteja wako leo ni mshindani wako baada ya miaka mitatu, na wateja wake ni washindani wenu nyote wawili baada ya sita. Bei ya nyoka wa kwanza haikuwa kamwe bei ya nyoka. Ilikuwa bei ya haki ya kuwauzia wengine kabla wao hawajaanza kuuza. Ndiyo maana bei ya juu hulipwa na wafugaji kwa wafugaji. Siku wafugaji watakapokwisha, atabaki mpenzi wa nyoka wa kawaida, mwenye tangi moja la kioo sebuleni, ambaye anataka nyoka mmoja tu na hana haja ya kumlipa mtu gharama za ndoto.

Jibu la pili ni la walimu wa Biolojia. Mwaka wa 1866 mtawa Gregor Mendel alichapisha matokeo ya majaribio yake ya njegere, akaonyesha kwamba sifa fulani huweza kujificha katika kizazi kimoja na kujitokeza katika kizazi kinachofuata. Ualbino wa chatu ni sifa ya namna hiyo. Chatu mwenye ualbino akipandana na wa kawaida, watoto wote huwa wa kawaida kwa macho, lakini kila mmoja amebeba jeni ile kwa siri. Wabebaji wawili wakipandana, kwa wastani mtoto mmoja kati ya wanne atakuwa na ualbino. Na hao watatu waliobaki? Wawili kati yao ni wabebaji na mmoja si mbebaji, na jicho la mwanadamu haliwezi kuwatofautisha.

Sasa tazama biashara ilivyofanya. Iliwauza hao pia! Nyoka wa kahawia, asiye na tofauti yoyote na wa dola thelathini, aliuzwa kwa mamia au maelfu ya dola kwa sababu muuzaji alisema, "huyu ni mbebaji." Na yule ambaye uwezekano wake ulikuwa wawili kwa watatu aliuzwa kwa bei ya uwezekano huo. Mimi ni mwanaisimu, na miaka mingi nimewafundisha vijana kwamba kuna maneno yasiyoeleza tu jambo bali yanayolitenda: hakimu akisema "umehukumiwa", mtu amehukumiwa. Lakini sikuwa nimefikiria kwamba neno moja laweza kukaa juu ya mgongo wa nyoka na kumzidishia thamani mara ishirini, pasi na unyoya wa ushahidi, hadi mnunuzi asubiri miaka mitatu na mayai sita ndipo ajue kama aliambiwa kweli. Miaka ile hapakuwa na njia nyepesi ya kuipima jeni hiyo maabarani. Mnunuzi alinunua ahadi.

Yafaa tukae kidogo kwenye suala hili la lugha, maana ndilo lililonivuta. Orodha ya aina za chatu hao sasa imefikia maelfu, kwa sababu kila mchanganyiko mpya hupewa jina lake. Buibui akichanganywa na mwenye rangi hafifu, mtoto huitwa kwa jina la nyuki. Nyuki huyo akiongezewa rangi hafifu mara ya pili, huitwa nyuki muuaji. Kuna majina ya matunda, ya vito, ya majangwa, ya wachekeshaji. Fundi wa lugha atatambua mara moja kinachofanyika: bei ya jina la zamani inaposhuka, jina jipya hubuniwa, na kwa muda mfupi jina hilo huwa adimu hata kama nyoka si adimu. Mwaka wa 2021 iliripotiwa kwamba mfugaji mmoja wa jimbo la Georgia alipata chatu mweupe mwenye mabaka matatu yaliyofanana na nyuso zinazotabasamu, akamuuza kwa dola 6,000. Alikuwa akiifuata rangi ile kwa miaka minane. Gawanya dola hizo kwa miaka minane ya kulisha panya, kupasha joto na kusafisha mazizi, uone kilichobaki.

Tena tusikilize jinsi wanavyozungumza. Mfugaji hasemi "nina nyoka". Husema "nina mradi". Hasemi "nimenunua", husema "nimewekeza". Maneno hayo mawili tunayajua vyema hapa kwetu. Popote yanapotangulia kiumbe mwenye kula na kunya, mtu na ashike mfuko wake.

Si haki, hata hivyo, kudai kwamba bei ilishuka kwa sababu ya uzazi pekee. Sheria nayo ina mkono. Januari 2012 serikali ya Marekani iliwatangaza chatu wa Burma, anakonda wa manjano na chatu wakubwa wa Afrika, wa kaskazini na wa kusini, kuwa wanyama wa kudhuru mazingira, kwa vile chatu wa Burma walikwisha kuivamia mbuga ya Everglades kule Florida. Kuwaingiza nchini, na hata kuwavusha kutoka jimbo hadi jimbo, kukapigwa marufuku, ingawa mwaka wa 2017 mahakama ya rufani ilitengua ile sehemu ya kuvuka majimbo. Aliyekuwa amewekeza katika chatu hao alilala tajiri akaamka na mazizi yaliyojaa midomo. Chatu wetu mdogo alinusurika, lakini funzo lilibaki: mali ambayo kalamu moja yaweza kuifuta si mali ya kuikopea.

Kisha ukaja mwaka wa 2020 na ugonjwa wa Korona. Watu walifungiwa majumbani, wakataka wenzi, na soko la wanyama wa nyumbani likafurika. Bei za nyoka zikapanda, na wageni wengi wakaingia ufugaji wakidhani kupanda huko ndiko kawaida. Watoto wa nyoka wao walipokomaa, milango ya nyumba ilikuwa imefunguliwa na wanunuzi wamerudi kazini. Kuanzia mwaka wa 2022 bei zikaporomoka tena. Aliyeingia wa mwisho ndiye aliyelipia karamu.

Lakini mimi naona yuko aliyelipa zaidi, naye ni nyoka. Yule Buibui niliyemtaja ana kasoro: kichwa chake hutetemeka na kupinda, wengine hushindwa kujua juu ni wapi na chini ni wapi, na hukosa shabaha wanapolenga panya. Mwaka wa 2022 wanasayansi walichapisha uchunguzi wakaonyesha kwamba sehemu za ndani za sikio lake, zile zinazompa kiumbe mizani, zimeumbika vibaya. Kasoro na urembo vimefungwa pamoja. Huwezi kuuza mistari ile bila kuuza na kizunguzungu. Wafugaji walilijua tetemeko hilo mapema, wakaendelea kuuza kwa miaka. Wako waliosema nyoka anakula na kuzaa, basi hana neno. Kwa mantiki hiyo hata punda wa mkokoteni hana neno.

Kuanguka kwa bei nako hakukumpa nyoka nafuu. Alipokuwa na thamani ya milioni, alitunzwa kama yai. Alipofika dola arobaini, kumpeleka kwa daktari wa mifugo mara moja kukawa ghali kuliko kumnunua mwingine. Mnyama akishakuwa rahisi kuliko dawa yake, ugonjwa wake haumsumbui mtu. Wanaowahifadhi wanyama waliotupwa huko Marekani wanawajua chatu hawa vizuri.

Na upande wetu wa bahari? Tangu miaka ya 1970 chatu wadogo walio hai zaidi ya milioni tatu wamesafirishwa kutoka Afrika Magharibi. Togo, Benin na Ghana ndizo zilizoongoza. Wawindaji huwachimbua majike wenye mimba kutoka kwenye mashimo ya panya na vichuguu, huwapeleka mashambani watage, na watoto wakisafirishwa, mwindaji huwa amepata malipo ya senti chache tu akilinganishwa na muuzaji wa ng'ambo. Chatu huyo ndiye aliyekuwa akiwalinda wakulima wa huko dhidi ya panya wa ghalani. Mwaka wa 2021 wanasayansi wa shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, walimpandisha daraja hadi kundi la wanaokaribia kuwa hatarini. Utajiri wa rangi ulitoka Afrika katika mfuko wa gunia. Hatimiliki ya majina ikabaki kwingine.

Sisi wenyewe tuna nyoka aliyebeba jina letu. Yuko nyoka mdogo wa mchangani wa maeneo yetu makavu, ambaye katika biashara hiyo huitwa boa mchanga wa Kenya. Amezalishwa Marekani na Ulaya kwa miongo mingi, ana aina zake za rangi, na bei yake imefuata mteremko uleule. Jina la Kenya limo. Faida ya Kenya haimo. Na tusidhani kwamba tamaa hiyo imekoma kwa nyoka. Mei 2025 mahakama ya hapa kwetu iliwatoza vijana wawili wa Ubelgiji faini ya shilingi milioni moja kila mmoja kwa kupatikana na sisimizi hai wapatao 5,000 ndani ya vijibomba, wakikusudiwa kwa watu wafugao sisimizi majumbani ng'ambo. Ikiwa sisimizi ana bei, ni nani atakayesalimika?

Kuna mahali ambapo chatu huyu hana bei kabisa, nami napataja kwa makusudi. Katika mji wa Ouidah nchini Benin limo hekalu la chatu, likielekeana na kanisa kubwa la Kikatoliki. Chatu wa pale huheshimiwa kama walinzi. Huachiliwa wakatoka usiku kujitafutia chakula, na mwenyeji akimkuta mmoja nyumbani mwake hampigi, humrudisha. Nasi tunaye Omieri, chatu mkubwa wa Nyakach, ambaye Waluo walimwona kuwa mleta mvua na mavuno. Mwaka wa 1987 alipoungua moto na kupelekwa Nairobi kwa matibabu, nchi nzima ilifuatilia habari zake. Alipokufa, mwili wake ukahifadhiwa kwenye Makavazi. Sisemi kila mmoja wetu aamini hivyo. Nasema tu kwamba watu hao walikuwa na njia nyingine ya kumthamini kiumbe, njia isiyoshuka kila msimu wa kutaga.

Sasa narudi kwa mwanafunzi wangu. Atasema: Daktari, wewe una mshahara, ni rahisi kwako kunihubiria. Basi na nikiri. Mwishoni mwa mwaka wa 2013, wakati wimbi la kware lilipoikumba nchi hii, nami nilikuwemo. Yai la kware lilikuwa likiuzwa hadi shilingi 100, likisifiwa kwamba linatibu karibu kila maradhi. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilikuwa likitoa leseni, na foleni zilikuwa ndefu. Nilinunua kware wapatao 200 kwa akiba niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya kuchapisha tasnifu yangu. Nao walitaga vizuri mno. Walitaga, na wa jirani wakataga, na wa jirani wa jirani. Kufikia katikati ya mwaka wa 2014 yai lilikuwa shilingi chache na halina mnunuzi. Tulikula mayai yale kwa miezi, mke wangu akiyahesabu kwa kimya ambacho sijakisahau. Hakuna aliyenidanganya. Aliyeniuzia kware aliniambia kweli kwamba vinataga sana. Mimi ndiye niliyesikia "utajiri" pale aliposema "mayai".

Kwa hivyo sikukatazi kwa dharau, mwanangu. Kwanza, sheria ya wanyamapori ya mwaka wa 2013 haikuruhusu kumfuga nyoka wa porini wala kumsafirisha pasi na kibali, na gharama ya kupuuza hilo umeiona kwa wale wa sisimizi. Pili, hata ungekuwa na kibali mkononi, bei uliyoiona kwenye simu ni bei ya mtu aliyeanza mapema. Wewe ungekuwa yule wa mwaka wa 12, mwenye watoto 2,430 wa jirani zake sokoni. Kabla hujaingia biashara yoyote ya kiumbe azaaye, jiulize maswali matatu: Je, ninayemuuzia anataka kukitumia kitu hiki, au anataka kukiuza tena? Je, kitu hiki kina kazi gani siku ambayo si adimu tena? Na mimi ni wa ngapi kuingia? Ng'ombe wa maziwa anajibu swali la pili kila asubuhi. Chatu wa rangi ya ndizi hana la kujibu.

Na kwenu walimu wenzangu, swali la tatu halihusu nyoka peke yake. Kila mwaka wanafunzi hutujia wakiuliza ni kozi gani iliyo na soko, nasi huwatajia ile iliyokuwa na soko mwaka uliopita. Wote huifuata. Miaka minne baadaye wanatoka elfu kwa elfu wakiwa na cheti kimoja, na cheti kile kinashuka bei mikononi mwao, si kwa sababu elimu yao ni mbovu, bali kwa sababu tuliwauzia uadimu badala ya ujuzi. Hatukuwaambia wajiulize wataweza kufanya nini. Tuliwaambia watafute kile ambacho wengine hawana bado. Lakini kila mwenye jozi huzaa.

Mwana wa nyoka ni nyoka. Akiwa na faida, ni kwa kula panya ghalani. Akiwa na uzuri, ni uzuri wake mwenyewe. Thamani hiyo haipandi wala haishuki. Mwanafunzi wangu ameahidi kurudi Jumatatu. Nitampa nakala ya makala haya, na iwapo ataniruhusu, nitamwomba afute ile picha kwenye simu yake na alipe karo.